Subaru yangu imetua Tabora na matairi ya barafu: niyamalize au niyavue?

mwana_wa_Isevya

Wakuu, salaam. Naombeni ushauri kabla sijatupa hela.

Mwezi wa sita nilipokea Impreza WRX STI ya 2006 kutoka Japani. Lita 2.0, tabo, gia sita za mkono, breki za Brembo. Hii ndinga nimeiota tangu naendesha baiskeli ya Phoenix ya baba kwenda shule, kwa hiyo msinicheke.

Ilikuja na matairi 225/45R17 91Q (upana milimita 225, ubavu asilimia 45 ya upana, rimu inchi 17), ubavuni yameandikwa STUDLESS na M+S. Nilipoyaona bandarini nilishangilia. Meno marefu, mpira laini, hayana hata ufa. Nikasema hapa nimeokoa laki kadhaa.

Sasa tuko Oktoba na mnaijua Oktoba ya Tabora. Yameanza vituko. Ukikata kona stelingi inachelewa, halafu gari inacheza kidogo hata ukishanyoosha, kama unaendesha juu ya uji. Meno yanaisha kama kifutio cha mtoto wa darasa la kwanza. Yalikuwa karibu milimita 8, leo nimepima nikapata 4 na ushee. Na wiki iliyopita barabara ya Nzega ng'ombe walivuka, nikakanyaga breki, ABS ikagonga mguuni, gari ikaendelea tu kwenda. Yule ng'ombe wa mwisho alinusurika kwa sababu alikimbia yeye, sio kwa sababu nilisimama mimi.

Nina njia tatu kichwani:

Kwanza, niyamalizie tu maana nimeshayalipia. Pili, kuna jamaa Dar anauza rimu za 18 na matairi yake 225/40R18, gari itapendeza balaa. Tatu, nishuke kwenye 16 nifunge 205/55R16, saizi ambayo kila duka hapa mjini inayo.

Matumizi: mjini kila siku, Nzega mara kwa mara, na mara mbili kwa mwezi nashuka Kigoma kwa kazi kupitia Urambo, Kaliua na Uvinza. Karibuni.

Kibirizi_kwetu

Uzi wa STI bila picha? Mkuu hebu acha dharau.

tabo_tupu

Malizia mkuu, usidanganywe. Tairi laini ndilo linaloshika. Magari ya mashindano yanatumia mpira laini kuliko hata huo wako. Hao wanaokwambia uvue wana matairi ya kuuza.

mwana_wa_Isevya

@tabo_tupu nami nilidhani hivyo hivyo mkuu, ndio maana nikakaa nayo miezi minne. Ila yule ng'ombe kaniharibia imani.

Mha_wa_Umeå

Habari za nyumbani. Mimi ni wa Ujiji, nipo Uswidi kaskazini mwaka wa tisa huu. Huku tairi la baridi ni jambo la sheria, kwa hiyo hapa naweza kusema kidogo.

@tabo_tupu umechanganya laini mbili. Mpira wa mashindano umetengenezwa ufanye kazi ukiwa wa moto. Ukipoa hauna maana, ndio maana wanayazungusha kuyapasha kabla ya kuanza. Mpira wa barafu umetengenezwa ubaki laini pale ambapo mpira wa kawaida unakuwa mgumu kama ubao. Watengenezaji wanakupa kipimo cha nyuzi 7 za Selsiasi: joto likishuka chini ya hapo tairi la kiangazi linaanza kupoteza mshiko, na hapo ndipo la baridi linapoanza kazi yake. Huku Januari tunakuwa chini ya sifuri wiki nzima, na nyuzi 20 chini ya sifuri sio habari ya kupigia simu nyumbani. Wewe Tabora hata alfajiri ya Julai, ile unayovaa koti mpaka saa tatu, nyuzi 7 huzioni. Mchana wa Oktoba unacheza na 32, 33, na lami yenyewe ni ya moto kuliko hewa. Mpira wako hapo ni kama mshumaa dirishani.

La pili ni meno yenyewe. Chukua tairi lako, inama, angalia kila jino kwa karibu. Utaona michanjo myembamba imechanjwa juu yake, mingi, imejikunja kunja, kama chale za mganga. Ile ndiyo siri ya tairi la barafu. Jino likigusa barafu, ile michanjo inafunguka, kingo zake zinang'ata, na maji membamba yaliyo juu ya barafu yanapata pa kuingilia. Kwenye lami ya moto kila jino limegawanyika vipande vipande vinavyopinda kila mmoja kivyake. Huo ndio uji unaousikia kwenye stelingi. Kupinda kunazaa joto, joto linalainisha mpira, mpira laini unazidi kupinda. Halafu unashangaa milimita 4 zimekwenda wapi.

Na hiyo herufi Q mwishoni mwa 91Q: maana yake spidi isizidi 160 kwa saa. STI hufungiwa W, ambayo ni 270. Najua hutakimbia 270 barabara ya Nzega, na matrafiki wenye tochi wanajua hilo pia. Ila usiisome kama ruhusa ya kukimbia. Herufi ya spidi kubwa maana yake tairi limejengwa kuvumilia joto zaidi, na joto ndilo ugonjwa wako.

Mwisho_wa_Reli

Elimu ya bure hii. Mha wa Umeå, naomba swali la pembeni: kwa nini magari mengi ya Japani yanakuja na haya matairi? Premio yangu nayo ilikuja nayo, nikayaendesha mpaka kipara bila kujua.

Mha_wa_Umeå

Kaka, Japani kaskazini, Hokkaido na mikoa inayopakana na bahari ya magharibi, theluji yake ni ya kuzika gari. Zamani walifunga matairi ya misumari kama tunayofunga huku. Misumari ikawa inachimba lami, mji unajaa vumbi, watu wanakohoa. Mwaka 1990 wakatunga sheria ya kuzuia vumbi hilo, misumari ikafa, na makampuni yakahamia kwenye matairi yasiyo na msumari. Bridgestone walikuwa wameshatoa Blizzak mwaka 1988. Ndio maana ya neno STUDLESS, yaani halina misumari. Kwa hiyo tairi lililozaliwa ili kuondoa vumbi limekuja kuishi Tabora. Dunia ina utani.

Mwenye gari kule ana seti mbili. Akiuza gari kipindi cha baridi, gari linaondoka na lililopo miguuni. Na wengine, kusema kweli, wanabakiza seti nzuri ya kiangazi na kukuachia hii.

Yakague mapema. Kati ya meno kuna vijukwaa viwili aina tofauti. Kimoja kiko juu, karibu nusu ya kina cha meno: tairi likilika mpaka hapo, Wajapani wanalihesabu halifai tena kwenye barafu. Cha chini kabisa kiko kwenye milimita 1.6, hapo tairi limekufa kwa matumizi yote. Wewe mwana wa Isevya umeshafika kile cha juu. Hata ungelirudisha Hokkaido wasingelipokea.

Dada_wa_Cheyo

Mimi nazungumzia hiyo njia ya pili, rimu za 18. Kaka yangu, usifanye.

Nina Crown Athlete, ilikuja na 225/45R18. Nzuri kweli, ukiegesha nje ya benki watu wanageuka. Safari moja kati ya Kaliua na Uvinza, giza limeingia, nilitumbukia shimo ambalo nililiona wakati niko ndani yake. Mlio niliousikia siwezi kuuandika. Rimu iligeuka yai, tairi likatoa uvimbe ubavuni saizi ya embe dogo. Nililala Uvinza kwenye gari na mbu.

Sasa piga hesabu ya ubavu. 225/45 maana yake ubavu ni asilimia 45 ya 225, yaani milimita 101. Hiyo 225/40 unayoitaka ubavu wake ni milimita 90 tu. Sentimita tisa za mpira kati ya rimu yako na mawe ya Malagarasi. Mimi nilihama nikaenda rimu za 17 na 215/55R17, ubavu milimita 118, na kimo cha tairi zima kimebadilika kidogo tu: la zamani 660, jipya 668. Mshale wa spidi haujui hata kama nimebadilisha. Gari imekuwa na adabu kwenye rafu, na kwenye kona nimepoteza kidogo, sikatai. Lakini nafika.

Mha_wa_Umeå

@Dada_wa_Cheyo umenichekesha, maana hiyo ndiyo hesabu yetu ya baridi neno kwa neno. Huku mtu mwenye gari kali hafungi saizi ileile kiangazi na baridi. Mimi nina Golf R. Kiangazi 235/35R19. Ikifika Novemba nashuka 225/40R18: rimu ndogo, tairi jembamba, ubavu mrefu zaidi. Kimo kinatoka 647 kuja 637, tofauti haifiki asilimia 2. Sababu ni tatu. Tairi jembamba linakata theluji kwenda kutafuta ardhi badala ya kuelea juu yake, ubavu mrefu unameza mashimo yaliyofichwa na barafu, na tairi la rimu ndogo bei yake inashuka sana.

Sheria ya huku inataka tairi la baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi barabara ikiwa na hali ya baridi, na meno yasipungue milimita 3. Na ukinunua, M+S peke yake usiiamini. Hayo ni matope na theluji kwa maneno ya mwenye kiwanda. Alama yenye majaribio nyuma yake ni ule mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji katikati. Ujerumani tangu Oktoba 2024 tairi lisilo na mlima huo halihesabiki la baridi.

Kwa hiyo ukiniuliza, mwana wa Isevya: chukua hesabu zao za saizi, waachie mpira wao.

tabo_tupu

Sawa, kwenye mpira nimekubali. Lakini basi ashuke 16 kama alivyosema, 205/55R16. Kimo kinakaa 632 dhidi ya 634 aliyonayo. Hesabu inakubali kabisa.

fundi_upepo_Kiloleni

Hesabu inakubali, Brembo hazikubali. Kalipa za hiyo STI, zile zinazobana diski ya breki, ni nene, rimu ya 16 haivuki. Nimeshaona kijana analazimisha kwa nyundo. Mwisho wake ni 17.

Sasa nina swali kwa mwenye uzi, na nijibu ukweli kama unamjibu daktari. Hayo matairi manne uliyonayo ni ndugu? Yaani yote ni hayo hayo yaliyokuja na gari?

mwana_wa_Isevya

Mzee umeniona wapi.

Hapana. Mwezi uliopita nilipata pancha ya ubavu nikitokea Kigoma, karibu na Urambo. Nilifunga kile kitairi chembamba cha spea nikaja nacho mpaka mjini. Duka moja likaniuzia tairi moja jipya la kawaida, 225/45R17, saizi ileile kabisa. Matatu ni ya barafu, moja la lami, liko nyuma kushoto. Tangu hapo nikikata kona kali polepole, kama kuingia getini, gari inakuwa nzito, inajikaza, inaachia kwa kuruka kidogo. Nilidhani ni bushi.

fundi_upepo_Kiloleni

Ewaa. Sio bushi.

Sikiliza mwanangu. Hiyo gari inavuta miguu yote minne muda wote, na katikati ina difu inayogawa nguvu mbele na nyuma. Tairi jipya lina meno milimita 8, wenzake wana 4. Jipya ni refu kwa milimita 8 kwa kimo, na mzunguko wake unazidi kwa milimita 25 hivi. Kila likizunguka mara moja linawaacha wenzake upana wa kidole gumba. Kutoka hapa hadi Nzega linazunguka mara zaidi ya elfu hamsini. Ile tofauti yote lazima imezwe na difu, na difu inaimeza kwa joto.

Subaru wenyewe wanasema mzunguko wa tairi moja na jingine usitofautiane zaidi ya robo inchi, yaani milimita 6. Ukiigeuza hiyo kuwa kina cha meno ni milimita moja tu. Moja! Kwenye Corolla mtu angekuuzia tairi moja ukaenda zako salama. Aliyekuuzia hakukuibia, hakujua tu unaendesha nini. Na kile kitairi cha spea toka Urambo, hapo ndipo ulipoipiga difu ngumi ya kwanza.

Fanya hivi leo jioni gari ikiwa imepoa. Pima mzunguko wa kila tairi, katikati ya meno, uandike hapa. Usipime kwa macho.

mwana_wa_Isevya

Nimepima. Niliazima futi ya mama mshonaji jirani, kumbe inaishia sentimita 150, tairi lina karibu 200. Ikabidi nitumie kamba ya katani: naipiga jeki, nazungusha kamba, naweka alama kwa kalamu, kisha naipima kamba sakafuni. Watoto wa mtaa mzima walikuja kuangalia, mmoja akauliza kama gari inashonewa suruali.

Mbele kulia 196.6. Mbele kushoto 196.5. Nyuma kulia 196.9. Nyuma kushoto, lile jipya, 199.1.

Na nimechungulia chini, difu ya nyuma ina jasho la oili.

fundi_upepo_Kiloleni

Kati ya kubwa na dogo ni milimita 26. Mara nne ya kiwango. Usiende nayo Kigoma hivyo. Ukibadilisha matairi, mwaga oili ya giaboksi na ya difu ya nyuma, ichunguze kama ina unga wa chuma. Unga laini kidogo kwenye sumaku ya nati sio kitu, vipande ndio msiba. Oili ikiwa safi umeponea.

Mwisho_wa_Reli

Mimi nimeingia hapa kuangalia Subaru na sasa niko nje napima RAV4 yangu kwa kamba. Saa nne usiku. Mke wangu anauliza nimepoteza nini.

Kibirizi_kwetu

Swali la mtu mvivu: kwa hiyo afunge saizi gani? Twende kwenye nyama.

mwana_wa_Isevya

Nilikuwa nawaza hivi baada ya kumsoma Dada wa Cheyo: nibaki 17 lakini nipandishe ubavu. 215/50R17. Ubavu unakuwa 107 badala ya 101, kimo 647, tofauti asilimia 2. Na ni jembamba kidogo kama la Mha wa Umeå.

fundi_upepo_Kiloleni

Umefikiri vizuri, umesahau upana wa rimu. Hiyo STI ya 2006 rimu zake ni 17 kwa inchi 8. 215/50 imetengenezewa rimu ya inchi 6 hadi 7 na nusu. Ukiivuta kwenye 8 ubavu unalala kwa nje, mdomo wa rimu unachomoza, na mawe yatakula rimu badala ya mpira. Umepandisha ubavu halafu umeuharibu mwenyewe.

Chukua 235/45R17. Ubavu karibu 106, kimo 643, unazidi la asili kwa asilimia 1 na nusu. Inakaa kwenye rimu ya 7 na nusu hadi 9, kwa hiyo 8 ni nyumbani kwake. Namba ya mzigo 94, yaani kilo 670 kwa kila tairi, wakati 91 ni kilo 615. Ukisafiri na watu wanne na magunia ya mchele wa Kigoma utanikumbuka. Subaru wenyewe waliifunga saizi hii kwenye baadhi ya STI zilizofuata, ya 2007 kuendelea.

Ukiikosa, rudi 225/45R17 91W ya asili, hakuna aibu. Karatasi ya saizi na upepo iko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, waliiweka pale ili fundi kama mimi asikudanganye.

Na ukishawishiwa tena rimu za mtu wa Dar, mwulize tundu. STI mpaka 2004 ni matundu 5 kwa 100, yaani nati tano kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Kuanzia 2005 ni 5 kwa 114.3. Watu wamesafirisha rimu kwa basi usiku kucha zikafika kila tundu likapishana na nati yake kwa milimita saba. Tundu la katikati nalo ni milimita 56.1, la Toyota ni 60.1, kwa hiyo rimu ya Toyota ikiingia itakaa kwa kubahatisha, na ukivuka 90 stelingi itatetemeka mpaka meno yako.

Dada_wa_Cheyo

Mzee wa Kiloleni, mwongezee na tarehe. Mimi niliuziwa matairi "mapya" yenye umri wa kuanza darasa la kwanza.

fundi_upepo_Kiloleni

Kweli dada. Tafuta neno DOT ubavuni, mwisho wake kuna kisanduku chenye namba nne. 2223 maana yake wiki ya 22 ya mwaka 2023. Ukikuta upande mmoja hakuna, chungulia upande wa ndani. Tairi linazeeka hata likikaa dukani, na duka lenye bati la moto bila dari linalizeesha haraka. Lenye miaka mitano likaguliwe kila mwaka. Likifika kumi, hata kama lina meno kama mamba, tupa.

Upepo upimwe asubuhi kabla hujatembea. Nyuzi 10 za joto zikipanda, upepo unaongezeka PSI moja na nusu hadi mbili. Mtu anatoka Nzega saa nane mchana, matairi yanachoma, anapima, anaona upepo umezidi, anatoa. Asubuhi yake anaendesha tairi lililolegea. Tairi lililolegea linapinda, likipinda linapata moto, na huko ndiko yanakopasukia mengi mnayoyaona pembeni mwa barabara. Mnadhani ni misumari.

tabo_tupu

Mzee mimi sasa nimekuwa mwanafunzi. Wa mwisho kuuliza: nitoe tairi za barafu niweke zile za misimu yote?

Mha_wa_Umeå

Za misimu yote ni mapatano kati ya theluji na jua. Wewe theluji huna, unapatana na nani?

mwana_wa_Isevya

MREJESHO. Wiki tatu zimepita, samahanini kwa ukimya.

235/45R17 sikuipata Tabora, nimeagiza Mwanza, imekuja kwa basi. Nilichagua za lami zenye mifereji mipana ya maji maana masika yetu yanakuja, 94W, DOT zote nne za mwaka mmoja na wiki mbili zinazopakana. Nilimpelekea mzee wa Kiloleni azifunge, na nilimtambua kabla hajajitambulisha, maana alitoka na kamba ya katani.

Alifunga moja ya mbele kwanza bila kushusha jeki, akazungusha stelingi mpaka mwisho kulia na kushoto, akapitisha kidole kati ya tairi na shokapu, na kati ya tairi na fenda. Kidole kikapita. Ndipo akafunga nyingine. Mizunguko yote minne imesoma 202.0 hadi 202.2. Baadaye alaimenti.

Oili ya difu ya nyuma ilitoka nyeusi, inanuka kuungua, ila kwenye sumaku kuna unga tu. Sili imebadilishwa. Kuingia getini sasa gari inageuka kimya, wala haijikazi. Bushi zangu nilizozisingizia nimeziomba radhi.

Jumamosi nimeshuka Kigoma nikarudi. Kona zile za kuingia Kigoma stelingi inajibu pale pale. Ile lami ya moto saa nane mchana ambayo matairi ya zamani yalikuwa yanalia kama ndama, sasa nasikia injini. Na mshale ukisoma 100 simu inasoma 98, wakati zamani ilisoma 96 na kitu. Tochi za Nzega nitaziheshimu zaidi.

Swali la kufungia uzi: yale matatu ya barafu nifanyie nini? Nilimpelekea fundi katambuga sokoni. Alibonyeza kwa kidole gumba akasema hajawahi kuona tairi laini hivi, akachukua kisu, akakata inchi mbili, akakutana na waya za chuma. Akanirudishia. Akasema yeye anataka tairi la nailoni, la waya litamtoboa mteja unyayo.

Mwisho_wa_Reli

Nipatie mawili mkuu, nina mkokoteni wa punda huku Gungu, fundi wa kuchomelea atatafuta namna ya kubadilisha vikombe.

fundi_upepo_Kiloleni

Hapo sawa. Ila yale mawili yaliyosoma 196.6 na 196.5, ndio ndugu. Usimpe lile la 196.9.

Mwisho_wa_Reli

Mzee, mkokoteni hauna difu.

fundi_upepo_Kiloleni

Na lile shimo la kisu cha katambuga lisiende upande wa punda. Herufi yake ni Q, usimkimbize zaidi ya 160.